Jinsi ya kutumia maji kuongezea trekta dogo uzani

MSIMU wa kulima unapowadia, si ajabu kumwona dereva wa trekta dogo akihangaika katikati ya shamba, magurudumu ya nyuma yakizunguka pale pale na kuchimba mashimo huku plau ikiwa haijasogea. Wengi hudhani kwamba injini imechoka. Mara nyingi injini ni nzima. Kinachokosekana ni uzani wa kuyakandamiza matairi ardhini.

Njia mojawapo ya bei nafuu ya kutatua shida hiyo ni kutia maji ndani ya matairi ya nyuma. Mbinu hii si ngeni. Matairi ya upepo yalianza kufungwa kwenye matrekta ya kampuni ya Allis-Chalmers nchini Marekani mwaka wa 1932, yakachukua nafasi ya magurudumu ya chuma. Vyuma vya kufunga kwenye rimu vipo pia, na ni vizuri kwa sababu huondolewa kwa urahisi kazi inapokwisha, lakini ni ghali, ilhali maji ya mtoni au ya kisima hayana bei.

Hesabu yake ni rahisi kwa kuwa lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Tairi la kipimo cha 12.4-28, ambalo ni la kawaida kwenye matrekta madogo, hubeba takriban lita 150 likijazwa robo tatu. Matairi mawili basi huongeza kama kilo 300. Kwa trekta kama Massey Ferguson 135, lenye uzani wa takriban tani moja na nusu, nyongeza hiyo ni karibu sehemu moja kwa tano, na yote inaangukia kwenye magurudumu yanayovuta.

Kabla ya kutia hata tone moja, mkulima anapaswa kuhakikisha kwamba uzani ndio unaokosekana kweli. Tairi lililoisha meno litateleza hata likitiwa maji kiasi gani. Kuna jaribio lisilohitaji chombo chochote. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, endesha trekta shambani plau ikiwa imeinuliwa, kisha upime umbali wa mizunguko 10. Rudia umbali huo huo ukiwa unalima. Ukihesabu mizunguko 11 na nusu, utelezi ni kama asilimia 13, na hapo trekta halihitaji nyongeza yoyote. Ukifika mizunguko 14, zaidi ya robo ya mwendo wa gurudumu inapotea bure, pamoja na dizeli na mpira wa tairi.

Ardhi yenyewe pia husema. Alama za meno ya tairi zikibaki wazi kabisa kama zilizopigwa muhuri, trekta ni zito kupita kiasi. Zikifutika zote, ni jepesi mno. Zinazofaa ni zile zilizovurugika kidogo tu.

Kazi ya kujaza hufanywa trekta likiwa mahali tambarare, ekseli ikiwa imeinuliwa kwa jeki na kuwekewa magogo imara chini yake. Gurudumu huzungushwa hadi valvu ikae juu kabisa. Moyo wa valvu huondolewa, upepo ukatoka, kisha mpira wa maji kutoka tangi lililoinuliwa huunganishwa. Upepo uliomo sharti upate njia ya kutokea maji yanapoingia. Kifaa maalumu cha kazi hiyo kina tundu la kuutoa. Asiye nacho huondoa mpira kila mara ili tairi lipumue, jambo linalochosha lakini linalowezekana.

Maji yakifikia usawa wa valvu, acha. Hiyo ndiyo robo tatu. Nafasi inayobaki ni ya upepo, nao ndio unaoliwezesha tairi kunepa linapopita juu ya jiwe. Tairi lililojazwa pomoni huwa gumu, na kila mshtuko huenda moja kwa moja kwenye ekseli. Baada ya hapo upepo hutiwa hadi kipimo alichoagiza mtengenezaji, valvu ikiwa bado juu ili maji yasiingie kwenye kipimio na kukiharibu.

Katika nchi za baridi kali, wakulima huchanganya maji na chumvi ya kalisi ili yasigande, lakini chumvi hiyo hula rimu tyubu inapovuja. Wengine hutumia dawa ya kuzuia maji ya rejeta kuganda, ambayo nyingine ni sumu kwa mifugo. Humu nchini hakuna haja. Hata Kinangop, ambako sakitu huunguza viazi, baridi ya usiku mmoja haitoshi kugandisha mamia ya lita zilizofungiwa ndani ya tairi.

Kwenye miteremko kama ya Murang'a na Meru, maji yana faida nyingine: hukaa chini, hivyo kitovu cha uzani wa trekta hushuka na si rahisi lipinduke ubavuni. Hata hivyo, asidanganyike mtu. Anayefunga mnyororo juu ya ekseli ili kung'oa kisiki anaweza kuinua pua ya trekta na kulipindua kinyumenyume juu yake mwenyewe, na maji hayatamwokoa. Mzigo hufungwa kwenye ndoano ya chini. Aidha, trekta lililoongezewa uzani huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, na anayevuta trela la miwa mteremkoni analijua hilo vyema.

Si kila shamba linafaa. Katika mashamba ya mpunga kama ya Mwea, ambako kazi hufanyika ndani ya tope, uzani huzamisha trekta. Kwenye udongo mweusi uliolowa, magurudumu mazito hushindilia ardhi na mizizi ikashindwa kupenya. Plau inayobebwa na mikono mitatu ya nyuma nayo tayari huongezea magurudumu hayo uzani, hivyo anayelima tu bila kuvuta trela huenda akahitaji maji kidogo sana.

Mwisho ni suala la pancha. Gurudumu lenye maji lina uzani wa mamia ya kilo na likimwangukia fundi linaweza kumuua. Kabla ya kulegeza nati hata moja, zungusha valvu hadi iwe chini na uyaache maji yatoke. Anayenunua trekta kuukuu naye aulize mapema kama matairi yana maji, na ndani ya maji hayo kumetiwa nini.