Mkwaju wa Adhabu na Uaminifu wa Hesabu katika Gofu

Katika mchezo wa gofu, mkwaju wa adhabu ni mkwaju unaoongezwa kwenye hesabu ya mchezaji bila kupigwa, ama kwa sababu ya jambo lililoupata mpira wake, ama kwa sababu ya kanuni aliyoivunja mwenyewe. Kwamba mkwaju huu haupigwi ndiko kunakomtatiza msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa neno mkwaju limezoeleka katika kurasa za michezo kupitia soka, ambako mkwaju wa penalti hupigwa kweli, tena hupigwa na upande uliokosewa baada ya mwamuzi kupuliza filimbi. Katika gofu mpinzani hapewi mpira aupige. Kinachobadilika ni tarakimu tu, ambayo mara nyingi mchezaji mwenyewe ndiye wa kwanza, na pengine wa pekee, kujua kwamba inapaswa kuandikwa.

Ugumu wa pili umo katika neno adhabu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili adhabu humfuata mkosaji, awe mwanafunzi mtoro au mshtakiwa aliyetiwa hatiani, ilhali mtu ambaye mpira wake umetumbukia bwawani hakumkosea yeyote. Amepiga vibaya, basi. Kanuni za kale kabisa za gofu zinazojulikana, zile 13 zilizoandikwa mwaka 1744 kwa ajili ya wachezaji wa Leith, jirani na Edinburgh, ziliruhusu mpira ulioangukia majini utolewe na kuchezwa nyuma ya maji hayo, ili mradi mpinzani ahesabiwe faida ya mkwaju mmoja. Huo ulikuwa mfano wa malipo kuliko wa hukumu, na maana hiyo haijapotea katika kanuni za leo, ambazo hutungwa kwa pamoja na R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani na ambazo katika marekebisho makubwa ya mwaka 2019 zilipunguzwa kutoka 34 hadi 24.

Kwa hiyo istilahi hii haieleweki vizuri bila mwenzake, nafuu, yaani ruhusa ya kuuondoa mpira mahali pabaya na kuudondosha kwingine. Ipo nafuu ya bure, kama vile mpira ulipotulia kwenye barabara ya vigari au kwenye maji ya mvua yaliyotuama kwa muda, na ipo nafuu ya kulipia, ambayo bei yake kwa kawaida ni mkwaju mmoja: mpira ukiwa ndani ya eneo lililowekewa vigingi vyekundu au vya njano, au ukiwa umenasa kichakani na mwenyewe akaamua kwamba hauchezeki. Mikwaju miwili, kwa upande wake, huhusu zaidi makosa halisi, kwa mfano kucheza kutoka mahali pasipo sahihi au kugusa mchanga kwa fimbo wakati wa kupunga mkono kabla ya kupiga mpira uliomo katika shimo la mchanga. Hapo ndipo neno adhabu linapostahili jina lake.

Mfano wa mpira uliopotea au uliovuka vigingi vyeupe vya mpaka unaonyesha jinsi hesabu inavyoteleza. Mchezaji anaanza shimo, mpira unavuka mpaka. Kanuni inamtaka aongeze mkwaju mmoja wa adhabu na kurudi alipopigia, kwa hiyo mpira wa pili anaoupiga ni mkwaju wake wa tatu. Wa nne ukifika kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazolizunguka shimo, na akahitaji mingine miwili kuuingiza shimoni, ataandika sita ingawa ameupiga mpira mara tano tu. Kamati ya kiwanja inaweza kumpunguzia safari ya kurudi kwa kuweka kanuni ya mahali inayomruhusu adondoshe mpira mwingine karibu na ulikopotelea, lakini kwa mikwaju miwili ya adhabu, na mkwaju unaofuata unakuwa wa nne. Wachezaji wengi wa ridhaa hufanya jambo la katikati ambalo halimo katika kanuni yoyote: hudondosha mpira palepale mpakani, wakatangaza kwa sauti ya kujiamini kwamba wanapiga wa tatu, na mkwaju mmoja ukapotea pamoja na mpira.

Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza bila kulipwa, na ni yeye, kuliko mchezaji wa kulipwa anayefuatwa na kamera, anayeachwa peke yake na hesabu yake. Kanuni ya 1 inasema wazi kwamba kila mchezaji ana wajibu wa kutambua amevunja kanuni na kujitoza adhabu kwa uaminifu. Aliyeutekeleza wajibu huo kwa namna inayotajwa hadi leo ni Bobby Jones wa Marekani, ambaye alibaki mchezaji wa ridhaa maisha yake yote ya ushindani. Katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1925, kwenye kiwanja cha Worcester, Massachusetts, alisema kwamba mpira wake ulisogea alipokuwa akijiandaa kuupiga ndani ya nyasi ndefu, ingawa hakuna mwingine aliyeuona ukisogea, akajiandikia mkwaju wa adhabu. Alimaliza akiwa sawa na Willie Macfarlane na kushindwa katika raundi za marudio kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Uaminifu huo una hati yake, nayo ni kadi ya matokeo, ambayo huandikwa na mchezaji mwenzake lakini humfunga mwenye kuitia saini. Sheria ya kadi haina mizani sawa kwa makusudi: aliyeandikiwa mikwaju mingi kuliko anayostahili hubaki nayo, na aliyeandikiwa michache huondolewa mashindanoni. Roberto De Vicenzo wa Argentina alionja ukali wa sehemu ya kwanza katika mashindano ya Masters ya mwaka 1968, aliposaini kadi iliyoonyesha 4 kwenye shimo la 17 alilolimaliza kwa 3, akakosa nafasi ya kurudiana na Bob Goalby. Sehemu ya pili imelegezwa kidogo, na kwa haki: asiyejua kabla ya kurudisha kadi kwamba amepata adhabu haondolewi, bali huongezewa mikwaju hiyo. Kanuni imetenganisha ujinga na udanganyifu, jambo ambalo porojo za klabu hazilifanyi mara nyingi.

Madhara ya kuficha huonekana zaidi katika handikapu, yaani kiwango kinachomwezesha mchezaji dhaifu kushindana na hodari kwa kupunguziwa mikwaju. Katika mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, kiwango hicho hutokana na wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Anayeficha adhabu ili ajisifu hupata handikapu ndogo asiyoiweza, na siku ya mashindano humlipukia mwenyewe. Anayejiongezea mikwaju isiyokuwepo ili handikapu ipande na azoe zawadi ni mwizi wa wenzake, na hakuna sababu ya kumtafutia jina la upole.

Kuhusu tafsiri, penalti iachiwe soka. Mkwaju wa adhabu umeshaeleweka vya kutosha na hauna haja ya kubadilishwa, ila kila kamusi na kila ubao wa klabu unaoutaja ueleze katika sentensi ya kwanza kwamba ni mkwaju unaohesabiwa bila kupigwa, na kwamba anayepaswa kuutangaza ni mchezaji mwenyewe.