Mistari ya mlango wa Datsun

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na wengine mmeniandikia kuiulizia. Mnisamehe. Wiki mbili hizi kompyuta imekaa pembeni, na meza yangu hapa Kangundo imejaa brashi, magazeti ya zamani na gari dogo jekundu lenye boneti nyeusi. Kwa hiyo leo tutazungumza historia, tena historia ya kitu ambacho wengi hatukitazami kabisa: ule mstari mwembamba unaoonekana pale mlango wa gari unapokutana na bodi.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z la plastiki, la kampuni ya Hasegawa ya Japani, kwa kipimo cha 1/24. Ni mfano wa gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Wawili hao walikuwa wameshinda pia mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS. Mbio hizi zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikaitwa Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1960, na zilikuwa zikipita katika barabara zile zile za vumbi walizopita watu na ng'ombe wao. Wajapani walifurahi sana kushinda huku kwetu, ndiyo maana mpaka leo unaweza kununua ushindi huo ndani ya sanduku.

Sasa, ukishaunganisha na kupaka rangi gari la namna hii, litaonekana kama sabuni iliyochongwa. Kuna kitu kinakosekana, nacho ni mistari. Katika gari halisi mlango umeacha nafasi kidogo, mwanga unaingia humo na haurudi, kwa hiyo jicho linaona giza. Kwenye plastiki kuna mfereji tu, tena usio na kina, na rangi yake ni ile ile ya bodi. Mafundi wa modeli hujaza mfereji huo kwa rangi nyepesi kama maji. Ukigusa mfereji kwa ncha ya brashi, rangi inakimbia yenyewe mpaka mwisho wa mlango, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Wajapani wanaita kazi hii sumi-ire, yaani kutia wino. Ilienea mno baada ya kampuni ya Bandai kuanza kuuza roboti zake za Gundam mwaka 1980, kwa kuwa roboti wale wamejaa mistari mwili mzima.

Lakini nilipokuwa nikisoma habari za sumi-ire nilijikuta nacheka peke yangu. Sisi tulikuwa tukifanya hivyo tukiwa watoto! Mtoto wa huku alikuwa na magari ya aina mbili. La kwanza ni la waya, na ukilifikiria vizuri, gari la waya halina bodi wala rangi, ni mistari tupu. La pili ni la kopo la Kimbo, lenye magurudumu ya ndala zilizokatika. Kopo ukishalikunjua halina mlango, kwa hiyo tulichora mlango kwa msumari, tukasugua vumbi la makaa lililochanganywa na mafuta ya kupikia, halafu tukapangusa kwa kidole gumba. Juu panabaki safi, ndani ya mchoro panabaki peusi. Ni kazi ile ile kabisa, ila chupa ya dukani inakuja na brashi kwenye kifuniko.

Nikajiamini kupita kiasi. Sikuwa na tapentaini, nikachukua thina ya kupulizia magari, nikazimulia rangi nyeusi na kuigusisha kwenye mlango wa kushoto. Kesho yake mlango ulikuwa umepasuka kama ardhi ya kiangazi. Thina ile inayeyusha plastiki ya modeli, na mfereji ndipo mahali inapotuama. Mlango wa kushoto ukaenda na maji, nikachonga mwingine kwa siku tatu. Utaratibu sahihi ni huu: bodi ipakwe kwanza vanishi ya akriliki inayong'aa, ikauke kabisa, ndipo itiwe rangi ya enameli iliyozimuliwa kwa tapentaini. Tapentaini haiwezi kuila akriliki iliyokauka, kwa hiyo ukikosea unapangusa kwa kijiti cha pamba na kuanza upya. (Natamani hifadhidata nazo zingepanguswa hivyo.)

Safari ya pili kazi ikatoka vizuri, mistari myeusi, minyoofu, kama ya kwenye picha za sanduku. Nikampelekea mjomba. Mjomba wangu aligonga bodi za magari kule Grogan, Nairobi, kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Akaligeuza gari kiganjani, akavaa miwani, akalitazama tena.

"Kijana wangu," akasema, "hili gari halijawahi kutoka dukani."

"Kwa nini, mjomba?"

"Mlango wa Datsun hapa Ukambani ulikuwa lini na mstari mweusi?"

Nilinyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa akiifungua milango ile. Akanieleza kwamba ukiling'oa gari lililoishi kwenye barabara za udongo, kila penye upenyo pamejaa vumbi jekundu lililoshindiliwa kama saruji, hasa sehemu ya chini ya mlango na ukingo wa boneti. Pale ambapo mwanga ungepotea, hapa kwetu unagonga udongo na kurudi. Kwenye gari jeupe mstari ni mwekundu. Kwenye boneti nyeusi ya hii 240Z mstari unatakiwa uwe mwangavu kuliko boneti yenyewe! Vitabu vyote vya modeli nilivyosoma vinasema tia rangi iliyokoza kuliko bodi.

Akaongeza la pili: mistari ilikuwa minene mno. Hili nililijua kwa hesabu, nikalipuuza. Mlango uliofungwa vizuri huacha nafasi ya kama milimita 5. Gawanya kwa 24, unapata milimita 0.2. Mfereji wa plastiki ukiwa na nusu milimita, hiyo ni sawa na milimita 12 katika gari halisi, nafasi ya kuingiza kidole. Ukiujaza mweusi kabisa, jicho linaona mlango uliolegea. Sisi waandika programu tuna tatizo hilo kila siku: mstari mwembamba kuliko pikseli moja hauchorwi mweusi, unachorwa kijivu, na jicho linaelewa kuwa ni mwembamba. Kwa hiyo dawa ya mfereji mpana ni rangi hafifu.

Mjomba ana maoni makali kuhusu upana wa mistari, maana kwake ni kama saini ya aliyeunda gari. Kenya ilianza kuunganisha magari kwa wingi miaka ya 1970. Kiwanda cha Leyland kilianzishwa Thika mwaka 1974, na mwaka 1975 zikafuata Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa na General Motors Kenya. Magari yalifika yakiwa vipande ndani ya makasha. Yaani, ndugu msomaji, nchi nzima ilikuwa ikiunganisha modeli, ila za kipimo cha 1/1. Kipande kimetoka ng'ambo, lakini anayeupachika mlango na kuulinganisha mpaka nafasi ya juu ilingane na ya chini ni fundi wa hapa.

Halafu kuna Nyayo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 likazinduliwa. Yalitengenezwa magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yakafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Fedha zikakosekana na kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikuanza kazi hiyo. Nyayo Motor Corporation baadaye ikageuka Numerical Machining Complex, inayotengeneza vipuri vya chuma. Watu wengi hulicheka gari lile. Mjomba halicheki. Anasema kulinganisha mlango uliotoka kwenye kasha ni kazi, lakini kuutoa mlango kwenye bati tupu ukakaa kwenye nafasi yake ni kazi nyingine kabisa, na aliyewahi kujaribu hacheki.

Nimeshaifuta mistari myeusi. Nilichukua udongo wa nyuma ya nyumba, nikauchekecha kwa kitambaa cha soksi, nikauchanganya na rangi ya hudhurungi na tapentaini. Nimeutia mwingi chini ya milango na kidogo juu, maana vumbi la magurudumu hupanda kutoka chini. Kwenye boneti nyeusi umekaa vizuri sana. Mjomba amelishika gari mara moja, akapuliza mlango kama anayetaka kuondoa vumbi, kisha akalirudisha mezani bila neno.

Jana amekuja na kopo tupu la Kimbo na mkasi wa bati. Anataka tutengeneze Nyayo Pioneer, kwa sababu hatujaiona kwenye sanduku lolote. Nimeanza kutafuta picha za ubavuni zenye kuonyesha milango vizuri. Mwenye nayo aniandikie.