Okidi ya mama na kopo la udongo

Nilipokuwa shule ya msingi kule kwetu Getanuwas, wilayani Hanang, siku moja mjomba alirudi nyumbani na tawi la mti lililoanguka. Juu ya tawi kulikuwa na mmea wenye majani manene na mizizi myeupe inayoning'inia hewani. Mama akaupenda. Akaubandua taratibu, akatafuta kopo la mafuta ya kupikia, akalijaza udongo wenye samadi, akaupanda na kuumwagilia kila jioni. Baada ya wiki chache ukaoza. Mama alisikitika sana, akasema mkono wake hauna baraka.

Miaka imepita, nimesoma, nimekuwa mwandishi wa habari, na ni juzijuzi tu ndipo nimejua kuwa mama alikosea pamoja na wakubwa. Matajiri wa Uingereza waliua mimea ya aina hiyo kwa maelfu, tena kwa fedha nyingi! Basi ndugu msomaji, leo naomba tuzungumze juu ya ua liitwalo okidi.

Ukoo wa okidi ni mkubwa, una aina zaidi ya 25,000 duniani. Hata vanila inayolimwa Kagera ni okidi. Kwa mtu anayetaka kuotesha nyumbani, inatosha kujua makundi mawili. La kwanza huishi juu ya miti. Wengi hudhani zinaunyonya mti kama kupe anavyonyonya ng'ombe. Sivyo. Okidi ni mpangaji tu. Mizizi yake hunywa mvua na umande, na hupata chakula kwenye majani yaliyooza na vumbi. Kundi la pili huota ardhini, na nyingi huwa na viazi vinavyovumilia kiangazi mpaka mvua irudi.

Mwanzoni mwa karne ya 19, meli zilipeleka okidi Uingereza kutoka nchi za joto. Wenye nazo walizifungia kwenye nyumba za vioo zenye joto kali na unyevu, bila hewa. Walidhani nchi zote za huku ni tanuri. Wangefika Hanang mwezi Julai, wangeomba blanketi! Okidi zilikufa, wakaagiza nyingine, na misitu ikazidi kukwanguliwa. Katika miaka ya 1830, Joseph Paxton, mkuu wa bustani za Chatsworth, aliingiza hewa na kupunguza joto. Okidi zikaanza kuishi.

Likabaki tatizo la mbegu. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula kama punje ya mahindi. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kuwa porini mbegu hiyo hulishwa na kuvu. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alieleza jinsi ya kuiotesha ndani ya chupa yenye sukari, bila kuvu. Kisha mwaka 1960 Georges Morel akaonyesha kuwa kichipukizi kidogo tu kinaweza kuzaa miche mingi. Ndiyo maana okidi zenye asili ya Asia zinazouzwa leo kwenye maduka ya maua kwa kawaida hutoka kwenye vitalu, si msituni.

Na sisi je? Kwetu bado tunachimba. Nyanda za Juu Kusini, viazi vya okidi huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kuchanganywa na karanga kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 kutoka Tanzania vililiwa Zambia kila mwaka. Mwaka 2005 Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ikawa hifadhi ya taifa. Ina aina 45 hivi za okidi za ardhini. Simlaumu mchimbaji mwenye ada ya mtoto ya kulipa. Ila kiazi kikishang'olewa na kuuzwa, mwakani atachimba nini?

Kwa hiyo ukitaka okidi nyumbani, nunua iliyooteshwa. Porini usiguse. Ile ya mtini usiipe udongo. Tumia chombo chenye matundu mengi, jaza vipande vya magome ya mti na mkaa, au ifunge kwa kamba kwenye gogo. Iweke penye kivuli chepesi na hewa inayopita. Mizizi ya nyingi huwa myeupe ikikauka na ya kijani ikilowa. Subiri iwe myeupe ndipo umwagilie. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, kinga ya mvua.

Wapo watakaosema maua ni anasa, tujadili njaa kwanza. Nawaelewa. Lakini mama yangu alikuwa na mahindi ya kupalilia, na bado kila jioni alitenga kikombe cha maji kwa ajili ya mmea ule.

Nikienda likizo nitampelekea okidi moja, tuifunge kwenye gogo nyuma ya jiko. Nitamwambia pia kuwa mkono wake haukuwa na tatizo lolote. Ni lile kopo la udongo.