Okapi wetu yuko kwenye sarafu ambazo Bule haijaziona

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi mnaotusoma kwenye simu kutoka kambini na kutoka Bunia mjini, kuna swali ambalo halikomi kutufikia: makuta ya chuma ya zamani, yale ya tembo na yale yenye sura ya Mobutu, bado yana bei? Wengine wamesikia eti kuna mtu anayanunua kwa maelfu ya dola. Jibu la swali hilo nitalitoa huko chini, msiwe na haraka. Kwanza kuna habari nyingine niliyoikuta nilipofuatilia jambo hili, nayo imenishangaza zaidi ya bei ya tembo. Sisi hapa hatushiki sarafu hata moja ya franka ya Kongo, lakini sarafu za franka ya Kongo zipo. Zimetengenezwa kwa wingi wa aina, zina jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zina wanyama wetu, na zimeuzwa kwa watu ambao hawatafika Djugu maisha yao yote.

Tuanzie mbali kidogo. Sarafu za kwanza zenye jina la Kongo zilitoka 1887, wakati wa Leopold II. Zile ndogo za sentimu zilikuwa za shaba, na tundu katikati ili mtu azifunge kwenye kamba. Zile kubwa za franka zilikuwa za fedha halisi, na sura ya mfalme mwenyewe, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii. Halafu wakaja Wabelgiji kama serikali, na sarafu zao. Ile ambayo wazee wetu wanaikumbuka zaidi ni ya franka 2 ya mwaka 1943, ya shaba ya njano, yenye pembe sita, na tembo upande mmoja. Wakati ule Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, kiwanda cha Brussels hakikuweza kuihudumia koloni, kwa hiyo tembo yule alipigwa chapa Philadelphia, Marekani. Mwaka uliofuata ikatoka ya franka 50, ya fedha, naye tembo wake alitengenezwa Pretoria, Afrika Kusini. Tangu zamani, basi, sarafu za Kongo zilikuwa zinasafiri. Lakini zilikuwa zinasafiri kuja kwetu. Mtu alizipata sokoni, alilipia kodi, alilipa mahari.

Mgawanyiko ulianza baada ya uhuru. Mwaka 1965 ilitolewa sarafu ya franka 10 ya aluminiamu, yenye kichwa cha simba. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya raia. Mwaka huohuo, kwa ukumbusho wa miaka mitano ya uhuru, zilitolewa sarafu za dhahabu zenye sura ya Rais Kasavubu, za franka 10 hadi franka 100. Zilikuwa chache, ndani ya visanduku, kwa wakusanyaji wa nje na wakubwa. Tarehe 24 Novemba ya mwaka huohuo Mobutu akamwondoa Kasavubu madarakani. Dhahabu ikabaki na sura ya rais aliyekwisha kuangushwa, na kwa mkusanyaji hilo halikuwa hasara.

Mwaka 1967 franka ikafa, zaire ikazaliwa. Zaire 1 ilikuwa sawa na franka 1,000 za zamani na ilinunua dola 2 za Marekani. Vijana hawaamini nikiwaambia hivyo. Zaire iligawanyika katika makuta 100, na likuta moja katika sengi 100. Kulikuwa na sarafu ya sengi 10 yenye chui, ya likuta 1, na ya makuta 5 yenye Mobutu. Hapo ndipo neno letu lilipotoka. Hadi leo mama wa Bule akiishiwa anasema "sina makuta", na mtoto wake aliyezaliwa kambini anasema vilevile, wakati likuta lenyewe lilikwisha kufa kabla hata mama hajaolewa.

Sasa tumfikie okapi. Mwaka 1975 Zaire iliingia katika mpango wa sarafu za hifadhi ya wanyama, uliofanywa pamoja na mashirika ya kimataifa ya kulinda mazingira. Nchi nyingi zilishiriki, kila moja na wanyama wake, na kazi ya kupiga chapa ilifanywa na kiwanda cha sarafu cha kifalme cha Uingereza. Kwa jina la Zaire zilitoka tatu: ya zaire 2.5 yenye sokwe wa milimani, ya zaire 5 yenye okapi, zote za fedha, na ya zaire 100 ya dhahabu yenye chui. Okapi, ndugu zangu, ni mnyama wa msitu wa Ituri. Wazungu walimwandika katika vitabu vyao vya elimu ya wanyama mwaka 1901 tu, lakini Wambuti walikuwa wakimjua na kumwita kwa jina kabla ya hapo. Katika dunia nzima hana msitu mwingine nje ya Kongo. Redio ya Umoja wa Mataifa ilipofunguliwa mwaka 2002 ilichukua jina lake. Na sarafu yake haikuuzwa Mambasa wala Bunia. Iliuzwa kwa barua, kwa watu wenye vitabu vya kuhifadhia sarafu, London na New York.

Angalieni kilichofuata. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache na kiwango cha mwisho cha kubadilisha. Aliyeishi mjini karibu na benki na aliyefahamiana na mtu wa benki aliokoa kitu. Mfugaji wa milima ya Djugu aliyeuza ng'ombe na kuficha noti ndani ya chungu, angefikaje? Wazee wengi wa Ituri ukiwataja mwaka huo wananyamaza kwanza. Basi zaire 5 ya karatasi, iliyokuwa mkononi mwa Mkongomani, iliuawa kwa tangazo la redio. Zaire 5 ya fedha yenye okapi, iliyokuwa ndani ya droo ya mkusanyaji wa Uingereza, haikuguswa. Mpaka leo inauzwa, na bei yake haishuki chini ya bei ya fedha iliyomo.

Miaka ya mwisho ya zaire tunaijua. Sarafu za mwisho za shaba ya njano, za zaire 1, 5 na 10, zilitoka 1987 na 1988, na haikuchukua muda bei ya chuma chake ikapita bei iliyoandikwa juu yake. Januari 1993 noti ya zaire milioni 5 ilikataliwa na wafanyabiashara, wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakafanya fujo Kinshasa, watu wakafa. Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai waliikataa kabisa, wakabaki na noti zao kuukuu. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Hatimaye, tarehe 30 Juni 1998, ikaja franka ya Kongo tuliyo nayo, franka 1 kwa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu wenyewe: franka 1 ya siku ile ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za 1967.

Na franka hiyo ilikuja bila chuma. Benki Kuu ilichapa hata sentimu 1 kwenye karatasi. Sentimu 50 ilikuwa noti yenye okapi, ndogo kama tiketi ya basi.

Lakini kwa nje, chuma hakikukoma. Kuanzia 1999 zilianza kutoka sarafu za franka za Kongo za kila namna: wanyama, meli, kandanda, mapapa. Mwaka 2002 zilitoka za sentimu 50, za aluminiamu, zenye simba, twiga na mcheza mpira. Mwaka 2002! Dola moja wakati huo ilikuwa zaidi ya franka 300. Agosti ya mwaka huo Bunia ilikuwa inawaka, watu wanakimbilia Beni na Uganda, na aliyekuwa na pesa alikuwa na dola au shilingi ya Uganda, kwa sababu franka yenyewe ilikuwa haionekani. Mwaka 2004 zilitoka za franka 1 kwa kumbukumbu ya Papa Yohane Paulo II. Mwaka 2005 ikatoka ya franka 5 yenye sokwe, iliyotengenezwa kwa mbao. Ndiyo, mbao. Kwa bei ya leo, dola ikiwa zaidi ya franka 2,000, franka 5 haifiki hata robo ya senti ya dola. Wanaoitafuta sasa wanatoa dola nyingi kwa kipande kile cha mti.

Jambo hili linaendeshwaje? Si siri, nchi nyingi zinafanya hivyo. Kampuni ya biashara ya sarafu, mara nyingi ya Ulaya, inaomba ruhusa ya kutumia jina la nchi. Nchi inapata malipo ya jina lake, kampuni inachagua picha, inalipia kiwanda, inatangaza idadi na inauza yenyewe. Somalia ina sarafu ya fedha yenye tembo, inayotoka kila mwaka tangu 2004, na inapigwa chapa Munich, Ujerumani. Rwanda ilianza na yake ya sokwe mwaka 2008. Na mkikuta ya sokwe ya franka 5,000 iliyoanza 2015, hiyo si yetu, ni ya Kongo Brazzaville, ingawa hata wauzaji huchanganya.

Wakusanyaji wenyewe wana malalamiko yao, na si ya uongo. Wanasema picha zimekuwa nyingi mno, nchi inaweka jina lake juu ya kitu chochote, na mtu anayetaka kukusanya Kongo yote hawezi kumaliza. Hata viwanda vikubwa vya serikali vinalaumiwa. Novemba 2019 kiwanda cha sarafu cha Marekani kilitoa sarafu 30,000 tu za fedha za aina moja, zikaisha kwa dakika kama ishirini, na siku hiyohiyo wachuuzi wakaziuza kwa bei ya mara nyingi zaidi. Mkusanyaji wa kawaida aliyengoja mwaka mzima akabaki mikono mitupu, akiuliza nani aliamua ziwe 30,000, na kwa nini wachuuzi walifika mbele yake.

Nikisoma malalamiko hayo nacheka kidogo, kisha naacha kucheka. Swali lao ni letu. Nani anaamua idadi, na nani anafika mbele? Sokoni hapa chenji hakuna. Unanunua chumvi, badala ya kurudishiwa franka 100 unapewa bomboni. Noti ndogo zimechakaa hadi namba haisomeki, na muuzaji anazikataa kama vile wewe ndiye uliyezichakaza. Noti mpya za mwisho kubwa, za franka 1,000 hadi 20,000, zilianza kutolewa Julai 2012, na hizo kwa mama anayeuza ndizi ni kubwa mno. Dola nayo ikiwa na tundu la pini kambisti anairudisha. Familia ya wahami ikipata msaada wa pesa taslimu, kazi ya kwanza ni kutafuta mtu wa kuzivunja, naye anakata chake. Ugandani, kwa miaka 50 ya uhuru wao mwaka 2012, walitoa sarafu ya ukumbusho ya shilingi 1,000, na ile ilizunguka sokoni kama pesa nyingine. Wafanyabiashara wetu wameishika. Kumbe inawezekana ukumbusho ukawa pia chenji.

Na kuna jambo ambalo sisi wa Djugu tunalijua kuliko wakusanyaji wa London. Tangu Desemba 2017 nyumba zimechomwa, na akiba iliyokuwa ndani ya godoro au chini ya mkeka ilikuwa karatasi. Karatasi haibaki. Baadhi ya waliorudi kuangalia viwanja vyao wamefukua majivu na kukuta tembo wa babu, mweusi kwa moto, lakini mzima.

Ndiyo hao tembo mnaouliza bei yao. Jibu ni hili: franka 2 ya 1943 ni ya kawaida duniani, ilitengenezwa kwa mamilioni, na kwa kawaida inauzwa dola chache ikiwa katika hali nzuri. Sarafu za Mobutu za makuta na zaire ni bei ndogo zaidi. Zenye thamani kweli ni za fedha: ile ya franka 50 ya 1944, na hasa zile za Leopold za franka 5, lakini hizo pia zina bandia nyingi. Anayewaambia maelfu ya dola, na anayeomba kwanza pesa ya "kuandikisha" au ya "laboratware", ni mwizi. Na tafadhali msizisugue kwa mchanga wala majivu ili zing'ae. Mkusanyaji akiona zimesuguliwa anashusha bei papo hapo. Zifungeni ndani ya kitambaa kikavu, zikae hivyo.

Wenye sarafu hizo nyumbani au kambini, tuambieni wazee wenu waliziitaje, kwa Kihema, kwa Kilendu, kwa Kialur au kwa Kibira, na ziliwanunulia nini. Majina hayo tutayasoma kwenye kipindi, pamoja na mwaka ulioandikwa juu ya sarafu yenyewe.