Soko la Dhahabu la Deira: Kodi Iliyoondolewa, Kodi Inayorejeshwa

Yatazameni maneno haya manne: soko, duka, ushuru na forodha. Yote yana asili ya Kiarabu, nayo yalifika pwani yetu pamoja na majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi. Leo tuyafuate hadi Deira, mtaa mkongwe wa Dubai uliojengwa kando ya hori. Hata neno hori lina asili hiyohiyo.

Mwishoni mwa karne ya 19, Dubai ilikuwa mji mdogo wa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu. Ng'ambo ya Ghuba, katika nchi ya Uajemi, ilikuwapo bandari iliyovuma zaidi, Lingeh. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Uajemi ilikaza ushuru wa forodha. Sheikh Maktoum bin Hasher, aliyeitawala Dubai tangu 1894 hadi 1906, alifanya kinyume chake: aliufuta ushuru. Wafanyabiashara wengi wakavuka bahari na kuhamia kwake. Mtaa wa Bastakiya, ng'ambo ya pili ya hori, ulipewa jina linalotokana na mji wao wa Bastak.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake humo. Dari za nyumba za kale za Dubai zilibebwa na boriti za mikoko zilizotoka Lamu na Rufiji. Majahazi yalizipakia na kurejea Ghuba kwa pepo za kusi.

Biashara ya lulu ilipoporomoka miaka ya 1930, mji ulitafuta riziki nyingine. Sheikh Rashid, aliyeshika utawala mwaka 1958, alichimbua hori lililokuwa likijaa mchanga ili vyombo vikubwa viingie. Dhahabu ikawa bidhaa kuu, na Deira ikawa makao yake.

Kisha, tarehe 1 Januari 2018, Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 5. Mtaa uliokua kwa sababu ushuru ulifutwa, sasa ukatozwa kodi. Wauza dhahabu walilalamika, na mwaka huohuo serikali ililegeza masharti ya kodi hiyo baina ya wafanyabiashara wenyewe. Mwezi Novemba ukaanza utaratibu wa kumrejeshea mtalii kodi yake.

Tupige hesabu. Mgeni ananunua mkufu wa dirham 1,000. Kodi ni dirham 50, hivyo analipa 1,050. Kwa viwango vya mwaka 2018, angerejeshewa asilimia 85 ya kodi, yaani dirham 42.50, kisha angekatwa ada ya dirham 4.80. Mkononi zingebaki dirham 37.70. Masharti ni haya: ununuzi usiopungua dirham 250, duka liwe limejiandikisha, na bidhaa ihakikiwe na kusafirishwa ndani ya siku 90 tangu iliponunuliwa.

Kwa nini serikali irudishe fedha iliyokwisha kuipokea? Kwa sababu kodi hii ni ya matumizi, na matumizi hutozwa pale bidhaa inapotumika. Mkufu ukiondoka Dubai, haki ya kuutoza huhamia kule uendako. Basi anayerejeshewa fedha uwanja wa ndege wa Dubai asidhani amemaliza: akifika Entebbe, Kigali au Dar es Salaam, forodha ya kwao nayo humtaka atangaze alichonunua.

Lakini yupo asiyerejeshewa chochote. Hamali anayesukuma rukwama ya mizigo katika vichochoro vya Deira pengine naye ni mgeni, ametoka mbali kutafuta maisha. Hata hivyo, kwa kuwa ni mkaazi, kodi aliyolipia sabuni na mkate haimrudii. Yeye na mtalii hununua katika mtaa mmoja, ila sheria huwatazama kwa macho mawili. Je, hiyo ni haki? Jengeni hoja zenu kabla ya kujibu, mkikumbuka kwamba hamali huyo hutumia barabara na taa za mji huo kila siku.

Na popote mnaponunua, daini risiti. Bila karatasi hiyo mtalii hana cha kurejeshewa, na raia hana ushahidi kwamba kodi aliyolipa imefika serikalini.