Kanuni ya saa sita usiku

Mazoea yana taabu, walisema wahenga. Juma hili, ndugu msikilizaji, usemi huo umenikumbusha marehemu mama yangu. Alipokwenda kupasuliwa tumbo, alikatazwa chakula na maji tangu saa sita usiku. Zamu yake ilifika saa tisa alasiri, midomo imemkauka. Baadaye akaamriwa alale, asiinuke. Sikuuliza neno. Niliamini hiyo ndiyo sayansi.

Kumbe kanuni ile ina historia yake. Mwaka 1946 Dk. Curtis Mendelson wa New York alieleza jinsi akina mama waliopewa nusukaputi wakati wa kujifungua walivyovuta matapishi hadi mapafuni. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini mwaka 1999 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtu mwenye afya, katika upasuaji uliopangwa, aweza kunywa maji hadi zibaki saa mbili tu. Na kuhusu kulala, Dk. Emil Ries wa Chicago alikwisha kuandika juu ya kuwainua wagonjwa mapema tangu mwaka 1899!

Miaka ya 1990 Profesa Henrik Kehlet wa Denmark aliyaunganisha mambo haya: kutuliza maumivu bila kumlewesha mgonjwa, kumlisha mapema na kumtembeza mapema. Mwaka 2005 madaktari wa Ulaya wakatoa mwongozo wa upasuaji wa utumbo mpana.

Je, kuandika kunatosha? Jimbo la Alberta, Kanada, lilitumia mwongozo wa aina hiyo kuanzia mwaka 2013, katika hospitali sita. Kwanza walipima hali ilivyokuwa, wakakuta ni asilimia 39 tu ya hatua zake zinazofuatwa. Waliwakutanisha madaktari na wauguzi, wakawa wanahesabu kwa kila mgonjwa nini kimefanyika na nini kimeachwa. Utekelezaji ukapanda hadi asilimia 60, na muda wa kawaida wa kulazwa ukashuka kutoka siku 6 hadi 4 na nusu.

Hawakugundua dawa mpya. Walihesabu tu, na hesabu ikayashinda mazoea.

Ukiwa na mgonjwa, usimpe maji kwa siri, ni hatari. Muulize daktari wa usingizi: mwisho wa kunywa ni saa ngapi? Atainuka lini? Mimi sikuuliza.