Jiwe kwenye mchele: Eksirei inaona nini, na nini kinaipita

Moshi. Kila mla wali anaijua ile sauti. Unatafuna vizuri, mara "ka!", jiwe. Ukiwa na bahati unalitema na kuendelea kula. Ukikosa bahati, jino limeondoka nalo.

Kwa wakulima wa mpunga wa Chekereni, wilayani Moshi, jiwe hilo ni suala la pesa pia. Mteja akiuma jiwe leo, kesho ananunua mchele wa sehemu nyingine, hata kama wako unanukia kuliko wote sokoni.

Viwanda vikubwa vya chakula duniani vina mlinzi wa mwisho wa kuzuia hali hiyo: mashine ya eksirei, ndugu wa ile ya hospitali inayoonyesha mfupa uliovunjika. Je, inafanyaje kazi, na ndiyo dawa ya mchele wenye mawe?

Kwa ufupi:

• Eksirei inanasa vitu vizito kuliko chakula: jiwe, kioo, chuma na mfupa mgumu.

• Haioni sumukuvu, bakteria wala mabaki ya dawa za shambani.

• Mchele uliopita kwenye mashine haubaki na mionzi.

• Mawe mengi yanaweza kuzuiwa mapema kwa turubai na mashine rahisi zaidi.

Mawe yanatoka wapi?

Chekereni ipo kwenye tambarare chini ya Mlima Kilimanjaro, ndani ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Skimu hiyo ilijengwa kwa ufadhili wa Japan na kukamilika mwaka 1987, ikitumia maji ya mito Njoro na Rau. Hapo hapo Chekereni kipo chuo cha kilimo cha KATC, kilichoanzishwa mwaka 1994 na kufundisha kilimo cha mpunga kwa wakulima wa mikoa mbalimbali.

Mpunga ukiwa bado kwenye suke hauna jiwe. Mawe yanaingia baada ya kuvuna.

Ukipigwa juu ya ardhi tupu, punje zinachanganyika na kokoto. Ukianikwa kando ya barabara na kukusanywa kwa ufagio, mchanga unakuja nao. Gunia likiwa lilibeba kitu kingine kabla, nalo linaongeza vyake. Hata mashine ya kukoboa inaweza kudondosha nati iliyolegea.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka uchafu kama mawe na mchanga usizidi asilimia 0.1 kwenye mchele mweupe. Yaani gramu moja kwa kilo moja. Inaonekana kidogo, lakini jino linahitaji jiwe moja tu.

Mashine inaonaje jiwe?

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Röntgen Novemba 8, 1895. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1901.

Kiwandani, pakiti zinapita kwenye mkanda unaotembea. Juu kuna bomba linalotoa mionzi, chini ya mkanda kuna vipokezi. Mionzi inapenya pakiti, na kompyuta inachora picha ya kilichopita.

Kitu kizito kwa ujazo wake kinazuia mionzi zaidi, hivyo kinaonekana cheusi kwenye picha. Siri yote ipo hapo. Angalia tofauti ya uzito kwa kila sentimita moja ya ujazo:

• Punje ya mchele: takriban gramu 1.4 hadi 1.5

• Kioo: takriban gramu 2.5

• Jiwe la kawaida: takriban gramu 2.6

• Chuma: takriban gramu 7.8

Kompyuta ikiona doa jeusi kuliko linavyotakiwa, inatoa amri. Mkono wa mashine unaisukuma pakiti nje ya mkanda, au upepo unaipuliza pembeni. Yote hayo yanafanyika mkanda ukiwa unaendelea kutembea.

Picha hiyohiyo inaweza pia kuonyesha pakiti iliyopungua uzito au biskuti iliyovunjika ndani ya boksi. Viwanda vya kuku na samaki vinaitumia kutafuta mifupa kwenye minofu.

Kwa nini sumaku haitoshi?

Kwa sababu sumaku inakamata chuma tu. Kiwanda cha mchele kilichojipanga kinakuwa na walinzi kadhaa, na kila mmoja ana kazi yake.

• Chekeche: inatenga vitu vikubwa au vidogo kuliko punje. Jiwe la saizi ya mchele linapita.

• Mashine ya kutoa mawe: ina sahani yenye matundu, iliyoinama na kutikisika, huku upepo ukipuliza kutoka chini. Mchele unaelea, jiwe linabaki chini na kusukumwa upande mwingine. Ni akili ileile ya mama anayepeta kwa ungo.

• Kamera ya rangi: inapuliza punje nyeusi, za njano na mawe ya rangi tofauti. Jiwe jeupe linalofanana na mchele linaweza kuidanganya.

• Kigunduzi cha chuma: kinanasa metali, lakini si jiwe wala kioo. Kwenye pakiti ya karatasi ya alumini kinapata shida.

• Eksirei: haijali rangi ya jiwe, na inaona hata ndani ya pakiti iliyofungwa.

Ndiyo maana eksirei hukaa mwishoni, bidhaa ikishafungwa. Inakamata kile ambacho wengine wamekiacha.

Nini kinaipita?

Hapa ndipo wengi wanajichanganya. Kupita eksirei hakumaanishi chakula ni salama kwa kila kitu.

Unywele, kipande chembamba cha plastiki, kijiti na karatasi vina uzito unaokaribiana na chakula au ni vyepesi zaidi, hivyo mara nyingi havionekani. Fukusi naye kwa kawaida anapita. Maabara zinaweza kumwona ndani ya punje kwa eksirei dhaifu, lakini kwa sampuli ndogo, siyo kwa tani za mchele zinazokimbia kwenye mkanda.

Kubwa zaidi ni sumukuvu, sumu inayotokana na fangasi kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yenye sumu hiyo. Hakuna eksirei ya kiwandani inayoweza kuiona. Inahitaji kipimo cha maabara, na kinga yake ni kukausha nafaka vizuri.

Unene nao una kazi yake. Kokoto ndogo inaonekana kirahisi kwenye pakiti ya kilo moja kuliko kwenye mfuko wa kilo 25, kwa sababu mchele mwingi unaificha.

Mchele unabaki na mionzi?

Hapana. Ni kama taa: ukizima, mwanga hauendelei kukaa ukutani. Mionzi inapita na kuisha, chakula hakigeuki kuwa na mionzi.

Marekani, kwa mfano, inataka chakula kinachokaguliwa hivi kisipokee zaidi ya gray 0.5, kipimo cha mionzi iliyofyonzwa. Usichanganye na mionzi inayotumika kwa makusudi kuua wadudu na vijidudu kwenye chakula, ambayo Codex inaruhusu kwa kawaida hadi gray 10,000. Hiyo ni mara 20,000 zaidi.

Anayehitaji kulindwa zaidi ni mfanyakazi anayeshinda karibu na mashine. Kwa hiyo imefunikwa kwa chuma, ina mapazia ya madini ya risasi, na mionzi inajizima mlango ukifunguliwa.

Nani anaisimamia?

Tanzania, vifaa vya mionzi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Huwezi kununua mashine, ukaichomeka kwenye umeme na kuanza kazi. Lazima uwe na leseni.

Ubora na usalama wa chakula chenyewe upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililochukua jukumu hilo kutoka iliyokuwa TFDA mwaka 2019. Mchele uliokobolewa una kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 128.

Mashine yenyewe nayo hukaguliwa. Kiwanda makini hupitisha mara kwa mara pakiti yenye kipande cha majaribio cha chuma au kioo. Isipokikataa, bidhaa zote zilizopita tangu jaribio la mwisho lililofaulu huzuiwa na kukaguliwa upya.

Chekereni ianzie wapi?

Kwa mkulima wa ekari moja au mbili, eksirei si kitu cha kwanza kufikiria. Ni mashine ya bei kubwa, inayotaka umeme wa uhakika na fundi aliyesomea. Inaleta maana kwa kiwanda kinachofunga pakiti nyingi kwa ajili ya supamaketi au soko la nje.

Jiwe ambalo halijaingia halihitaji mashine ya kulitoa. Hatua hizi zinaanza na mkulima mwenyewe:

1. Piga na anika mpunga juu ya turubai au sakafu safi ya saruji, siyo ardhini.

2. Usizoe masalia ya chini na kuyachanganya na mpunga safi. Yapete pembeni.

3. Kung'uta magunia kabla ya kujaza.

4. Uliza kama mashine unayokobolea ina sehemu ya kutoa mawe na sumaku. Kama hakuna, kikundi au ushirika unaweza kuchangia moja.

Na wewe mlaji, hata pakiti ikiandikwa "umechambuliwa", mwaga mchele kwenye sinia na upitishe macho kabla haujaingia sufuriani. Ni dakika mbili tu, na ni rahisi kuliko kung'oa jino.